Pete ya Enzi ya Malkia

Sepuka,
4 Julai 1953

Kaka Simeoni,

Shikamoo.

"Pete ikishaingia kidoleni, neno la msichana limekwisha." Umeniandikia hivyo kwa mkono wako, ukapiga na mstari chini nisije nikasema sikuona. Nimeona, kaka. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na kote ni upuuzi ule ule. Kama pete kuingia kidoleni ndilo neno, basi na kiatu kuingia mguuni ndiyo safari. Mtu anajaribu kiatu dukani, kinambana, mwenye duka anafunga mlango na kumwambia, "Haya, umeshafika Tabora."

Hebu tuliseme jambo lilivyokuwa. Wifi yangu alinieleza mwenyewe kwa furaha, hakujua ananipa silaha. Filipo, karani wa baraza, alikuja kwako na wazee wake kumposa Raheli. Raheli alikuwa amekwisha kukwambia kwamba hamtaki. Alikwambia jikoni, akarudia uani, ukajibu kwamba wasichana wote husema hivyo. Pete ikatolewa kwenye kitambaa, ikazunguka mkono kwa mkono kama ugoro. Wifi akasema, "Jaribu tu, mwanangu, tuone." Jaribu tu! Mtoto akajaribu. Pete ikapita kwenye kifundo kwa nguvu, ikakataa kurudi. Akavuta, akailowesha kwa mate, ikakataa. Wanawake waliokuwa mlangoni wakaona pete kidoleni, wakapiga vigelegele. Jumapili yake wewe, mzee wa kanisa, ukasimama mbele ya washarika ukatangaza uchumba.

Kwa hiyo binti yako hakuposwa na Filipo. Ameposwa na uvimbe wa kidole.

Usiniletee mila. Kwa wazee wetu, msichana anaulizwa na shangazi yake, faraghani, na shangazi ndiye anayewapelekea wanaume jibu. Shangazi ni mimi. Nani aliniita? Mmeniletea habari jambo likiwa limekwisha, kama mgeni aliyechelewa anavyosogeziwa ukoko. Wala usiniletee kanisa. Siku ya ndoa mchungaji anamwuliza bibi arusi kama anakubali. Anauliza ya nini, kama pete imeshajibu?

Nasikia pia kwamba haruhusiwi kutoka nje ya ua. Mlete Sepuka akae kwangu mpaka kidole kipungue. Mimi ni mkunga, nimetoa vitu vikubwa kuliko pete mahali pembamba kuliko hapo.

Dada yako,
Dorika

*

Nduguti,
15 Julai 1953

Dada Dorika,

Marahaba. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu.

Tangu ulipojifunza ukunga kwa Wazungu umekuwa mtu wa kusoma kila karatasi, hata ile iliyofungiwa sukari, na kila unachosoma unataka tukijibu sisi. Mume wako, Mungu amrehemu, alikuwa na subira. Mimi ni kaka yako, nitakujibu mara moja tu.

Filipo si kijana wa kubahatisha. Ni karani, anavaa viatu, mwandiko wake unasomwa na Bwana DC mwenyewe. Hakutuletea shaba ya mnadani. Pete ile ni dhahabu, mpya, ameiagiza kwa Mhindi wa Singida mjini, na ni ya mtindo uliotolewa mwaka huu huu. Alisema mbele yetu sote, nanukuu: "Hii ni pete ya enzi ya Malkia." Nawe unajua juzi tu, Malkia alipotawazwa, watoto wa shule wameimbishwa, wakagawiwa vikombe vyenye picha yake. Nani hapa Nduguti amewahi kumwona bintiye na pete ya Malkia? Watu wanatoka mbali kuja kuitazama.

Raheli anakaa ndani ya ua kwa heshima yake mwenyewe. Msichana aliyetangazwa hazururi. Harusi itakuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Ng'ombe wako zizini kwangu, na mmoja ameshazaa.

Nisikilize sasa kama dada. Neno langu lilitoka mbele ya washarika. Mzee wa kanisa akilimeza neno lake, kesho atamwonya nani? Nimefungwa kama yeye alivyofungwa. Usinivute.

Kaka yako,
Simeoni

*

Nduguti,
20 Julai 1953

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii imesafiri ndani ya chungu. Theresia, yule mama wa vyungu, ndiye anayeruhusiwa kuingia huku uani kwa sababu mama anapenda vyungu vyake, na yeye hapendi kuona mtu amefungiwa. Ukinijibu mpe yeye siku ya mnada.

Shangazi, hapa nimekuwa kitu cha kutazamwa. Wanawake wanakuja, wananishika mkono, wanaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua kuku. Wanasema, "Angalia bahati hii." Halafu wanaondoka, na baba anarudisha gogo langoni. Mchana kutwa nasikia wenzangu wakienda kuchota maji, wanacheka, wakifika kwetu wananyamaza.

Hapana yangu nimeisema mpaka imechakaa. Mama ananiambia, "Hapana yako tumeisikia, sasa kula."

Kidole kimekuwa cha mtu mwingine. Asubuhi ni chekundu, jioni ni cheusi. Nimeomba mafuta, mama akasema mafuta yatatumika siku ya harusi.

Sina mtu wa kuzungumza naye, basi naitazama pete. Si duara tupu. Imechongwa kama mkanda wa kiunoni. Ina kifungo chake kama cha mkanda wa askari, ina vitundu vyake, na ncha ya mkanda imepitishwa kwenye kifungo ikalala. Pembeni imechorwa majani yaliyosokotana. Upande wa juu majani yanaonekana, lakini upande wa kiganja yamefutika kabisa, pamekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Na pale chini pana jani moja limekatika katikati na kukutana na nusu ya jani jingine ambalo si lake.

Filipo alipokuja nilimwuliza, "Mbona kitu kipya kimelika?" Akacheka, akasema, "Dhahabu ya Malkia ni laini, usifulie nayo nguo." Baba naye akacheka. Mimi nikacheka pia, shangazi, kwa kuwa wote walikuwa wananitazama. Nimejichukia kwa kicheko kile.

Huwa unasema watu wanakuogopa. Basi waogopeshe.

Mtoto wako,
Raheli

*

Sepuka,
2 Agosti 1953

Raheli mwanangu,

Marahaba. Futa kicheko hicho moyoni. Mtu aliyezungukwa hucheka, na kicheko cha namna hiyo si ahadi.

Sasa nisikilize vizuri, maana umeniandikia jambo kubwa kuliko ulivyodhani.

Nilipokuwa wodi ya wazazi, manesi wa Kizungu walivua pete zao kabla ya kunawa, wakaziweka kwenye kisahani, na kisahani nilikitunza mimi. Pete nimezishika miaka mingi. Wao nao wana fasheni zao, mwanangu, kama sisi tulivyo na zama za kaniki na zama za khanga. Wasichana wa siku hizi wanavaa jiwe moja limeinuliwa juu kama mnara. Waliochumbiwa kati ya vita viwili pete zao zina pembepembe, za mraba, vijiwe vimepangwa kama ngazi. Waliowatangulia hao walivaa nyembamba nyeupe, zimetobolewatobolewa kama kitambaa cha kudarizi. Na bibi zao, waliochumbiwa na wanaume waliosafiri mbali, walivaa dhahabu nene: nyoka anayeuma mkia, mikono miwili iliyoshikana, au mkanda uliofungwa. Mkanda! Hiyo uliyo nayo ni ya kwao hao.

Baba yako anasema ni pete ya enzi ya Malkia. Kweli tupu, ila si Malkia huyu. Waingereza walikuwa na Malkia mwingine, bikizee, aliyekaa kwenye kiti kabla baba yako hajazaliwa, na alipokufa, Mjerumani alikuwa bado anatuchapa viboko hapa. Sisi tulipochukuliwa na Mwingereza tulikuta mfalme, akaja mfalme, akaja tena mfalme. Ndiyo maana huku kwetu ukitaja Malkia kila mtu anafikiria huyu wa kwenye vikombe. Filipo amesikia maneno hayo kwa mtu aliyejua maana yake, akayachukua bila maana. Aliyemwambia hakuwa Mhindi wa Singida.

Katika maisha yangu nimeona pete ya mkanda moja tu. Sitakwambia ilikuwa ya nani mpaka niwe na hakika. Mimi ni mgomvi, lakini simsingizii mtu.

Kuitoa ni hivi. Chovya mkono kwenye maji ya mtungini asubuhi, uuinue juu ya kichwa mpaka uchoke. Pakaa samli, hata kama ni ya kuiba. Chukua uzi wa kushonea, pitisha ncha yake chini ya pete kwa sindano, ibaki upande wa kiganja. Uzi uliobaki uzungushe kidoleni kwa kubana, kuanzia kwenye pete kupita kifundo, mizunguko igusane. Kisha shika ile ncha ya chini, anza kuifungua taratibu kuelekea ukucha. Pete itapanda yenyewe juu ya uzi. Itauma. Uma kitambaa.

Ikitoka, tazama ndani. Utaona alama ndogo, muhuri wa mafundi wa Uingereza. Tafuta pia kovu, mahali ilipokatwa na kuungwa. Kisha funga kidole kitambaa, wadhani bado ipo.

Shangazi yako,
Dorika

*

Sepuka,
2 Agosti 1953

Selina mwanangu, wa Mitundu,

Hujambo? Mimi ni Dorika, mkunga. Nilikuwa wodi ya wazazi wakati Nesi Edna alipokuwa anakulea pale hospitali ya misheni. Wewe ulikuwa unapenda kulala kwenye kapu la mashuka, na mimi ndiye niliyekuwa nakutoa.

Nina swali moja. Ile pete yake ya mkanda, ambayo alikuachia alipokwenda kwao kuzeeka, bado unayo? Kama huna, iko kwa nani? Nimesikia habari za pete kama hiyo upande wa Nduguti, ndiyo maana nauliza. Nijibu upesi.

Mimi,
Dorika

*

Mitundu,
18 Agosti 1953

Mama Dorika,

Shikamoo! Nilipoona barua imetoka kwako nililia kabla sijaifungua. Nakukumbuka sana, mikono yako ilikuwa inanuka sabuni ya kaboliki.

Nilijua! Nilijua Filipo atamtuma mtu mzima kwanza, kama inavyotakiwa. Watu wa kwao wako huko Nduguti na mimi sina mama, basi nikasema lazima atatafuta mtu aliyenijua nikiwa mdogo. Kumbe ni wewe. Nimewaonyesha barua jirani zangu wote.

Ndiyo, pete ni yangu. Filipo alipokuwa karani huku kwetu alinichumbia kwa pete hiyo hiyo, kwa kuwa hakuwa na ya kwake. Nilimpa mimi, akanivalisha yeye, mbele ya mwinjilisti. Nikamwambia tuitunze, kwa maana Nesi Edna aliniambia ni pete ya enzi ya Malkia, ya mama yake mzazi. Filipo alipenda sana maneno hayo, alikuwa anayarudiarudia.

Nilipojifungua Paskali vidole vyangu vilinenepa, pete ikaanza kunibana. Filipo akahamishiwa huko, akaondoka nayo ampelekee fundi wa Singida aipanue kabla ya ndoa. Aliniandikia kwamba fundi ana kazi nyingi. Sikumlaumu, mafundi ndivyo walivyo.

Mama, je, fundi amemaliza? Nahofia asiipanue kidogo. Kwa hiyo nimepima kidole changu na kufunga fundo penye kipimo. Uzi wenyewe huu, nimeushona kwenye karatasi usipotee. Mpe Filipo ampe fundi.

Mwambie mtoto ameota meno, na anafanana naye masikio. Mwambie pia sijakasirika.

Binti yako,
Selina

*

Nduguti,
30 Agosti 1953

Shangazi,

Shikamoo. Imetoka.

Imetoka siku mama alipokwenda kupura mtama. Niliuma kitambaa kama ulivyosema. Ilipopita kifundo niliisikia imeanguka kwenye sahani, nikakaa natazama kidole. Kina alama nyeupe, na ndani ya alama zimebaki chapa za kifungo. Nimevuliwa mkanda lakini mkanda umebaki kwenye nyama.

Nimetazama ndani. Kuna taji dogo, na pembeni yake kitu kama jembe lililopinduliwa lenye masikio mawili, sikijui. Na kovu lipo. Ni mstari uliopauka kuliko pete, pale pale majani yasipokutana. Imekatwa kipande, ikaungwa. Shangazi, ilipunguzwa. Mtu aliipunguza kwa kukadiria mkono wangu kwa macho, akakadiria vibaya, ndiyo maana ilininasa.

Kitambaa kilidumu siku mbili. Mama alinishika mkono tukiwa tunaosha vyombo, akahisi hakuna kitu. Akasema, "Irudishe kabla baba yako hajaja." Nikamwambia, "Ivae wewe, mama. Jaribu tu, tuone." Sijui nilipata wapi mdomo huo. Basi akaichukua, akajaribu kweli, haikupita ukucha. Akaanza kucheka, nami nikacheka, mara hii kicheko kilikuwa changu. Kisha mama akakaa chini akalia, akaniambia, "Hata mimi sikuulizwa."

Lakini alimwambia baba. Anamwambia kila kitu, hajui namna nyingine ya kuishi.

Baba hakunipiga. Amechukua pete, ameiweka kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Nikamwonyesha kovu, akasema vitu vya dhahabu vyote vina mahali pa kuungwa. Anasema nitavalishwa upya siku ya harusi, na harusi imesogezwa, itakuwa tarehe saba, mwezi wa kumi. Langoni sasa kuna magogo mawili. Theresia amekatazwa. Hii ameichukua kwa kupitishiwa chini ya ua wa miiba.

Nilidhani pete ikitoka nami nitatoka.

Raheli

*

Mitundu,
13 Septemba 1953

Mama Dorika,

Shikamoo. Barua yako ya pili imefika. Ilinikuta napukuchua mahindi. Niliisoma, nikaiweka, nikamaliza kupukuchua.

Umenieleza ukweli bila kuuzungusha, nashukuru. Ningeusikia kwa watu wengine ningekataa.

Nilimwambia aipanue. Akaipunguza. Hilo ndilo linalonirudia kila nikishika kazi. Angeitupa ningemwelewa zaidi.

Mwambie Raheli sina ugomvi naye. Ila wewe umeniuliza kama unaweza kutumia jina langu na uzi wangu mbele ya kaka yako, ukasema kwamba nikikataa utanyamaza. Usinyamaze. Mpelekee uzi. Na mimi nakuja mwenyewe na mtoto, nitashuka Singida, nitapata lori la kwenda Nduguti. Sitaki kuzungumziwa nikiwa Mitundu, kama marehemu.

Selina

*

Nduguti,
25 Septemba 1953

Dada Dorika,

Salaam.

Uzi wako, pamoja na barua yako, ulifika Jumatatu. Niliitoa pete mfukoni, nikauzungusha, nikaona fundo linapita mbali. Nikasema moyoni, uzi si ushahidi, mtu anaweza kufunga fundo popote. Jumatano akaja mwenye kidole. Alisimama langoni amebeba mtoto mgongoni, hakupiga kelele. Wifi yako alitoka, akamtazama mtoto masikio, akaondoa magogo yeye mwenyewe bila kuniuliza. Tangu nimuoe hajafanya jambo kama hilo.

Nilimwita Filipo. Nilimficha Selina chumba cha pili. Nikamwuliza swali moja tu, ulilosema niulize: "Pete hii ni ya Malkia yupi?"

Akanijibu, "Kwani kuna wangapi?"

Selina akatoka. Filipo alitafuta kofia yake, ilikuwa kichwani.

Basi, umeshinda. Harusi nimeisimamisha, ng'ombe nitarudisha pamoja na ndama. Lakini mimi naishi hapa na watu, nawe huishi. Nimefikiri hivi: Jumapili ya tarehe nne nitawaambia washarika kwamba Raheli ni mgonjwa, harusi imeahirishwa. Filipo ameahidi kuomba uhamisho kimya kimya. Selina tumempa chakula na mahali pa kulala, ataondoka kabla ya Jumapili watu wasianze kuuliza. Pete ninayo mimi, itakaa mahali salama. Raheli atakaa ndani mpaka maneno yapoe, labda mpaka mavuno yajayo. Magogo yamerudi, kwa ajili ya usalama wake.

Umepata ulichotaka. Sasa, kwa mara moja katika maisha yako, nyamaza.

Simeoni

*

Sepuka,
29 Septemba 1953

Kwa Wazee wa Usharika wa Nduguti,
na kaka yangu Simeoni akiwa mmoja wenu

Salaam katika Bwana.

"Raheli ni mgonjwa." Hayo ndiyo maneno mtakayoambiwa Jumapili, tarehe nne, kutoka mahali pale pale palipotangazwa uchumba wake. Nimeyapata mapema kwa mwandiko wa atakayeyasema. Raheli si mgonjwa. Alikuwa na kidole kilichovimba, nacho kimepona. Aliyeugua ni mzee anayeona haya, na dawa ya haya yake ameamua anywe mtoto.

Tazameni kinachofanywa. Mkisikia ni mgonjwa, mtauliza ugonjwa gani. Mtaambiwa si wa kusemwa. Ugonjwa usiosemwa, kwa msichana aliyefungiwa ndani, kila mmoja wenu anajua utageuzwa kuwa nini visimani kabla ya Jumatano. Mavuno yajayo yakifika hatakuwa na mchumba wala jina. Kufungwa kwa pete kulikuwa na mwisho wake, uzi ulitosha. Huku hakuna uzi wa kumtoa.

Na Filipo? Atahamishwa. Neno zuri hilo, kuhamishwa. Atafika baraza jingine na viatu vyake, mwandiko wake mzuri na masikio yale yale, na huko nako kuna mabinti. Selina anaondolewa kabla ya ibada ili asionekane, yeye aliyetoka Mitundu na mtoto mgongoni kwa sababu hakutaka kuzungumziwa akiwa hayupo. Na pete yake "itakaa mahali salama." Salama kwa nani? Pete hiyo imeshaharibiwa. Selina haimwingii tena, na Raheli ilipomwingia haikutaka kumtoka. Lakini ina mwenyewe. Nesi Edna alimpa Selina, si wazee wa kanisa.

Kaka ananiambia mimi siishi nanyi. Nilizaliwa hapo. Wengine wenu mnaosoma barua hii niliwazalishia wake zenu, na watoto hao sikuwauliza baba zao wana cheo gani. Ananiambia mzee akilimeza neno lake hatamwonya mtu tena. Ni kinyume chake. Mzee aliyedanganywa mbele ya watu, akasema mbele ya watu "nilidanganywa, na binti yangu aliniambia nikakataa kumsikia", huyo ndiye nitakayekuwa wa kwanza kumwendea anionye. Kudanganywa na Filipo si aibu. Wote mlidanganywa, mliitazama pete ile, mkashika mkono wa mtoto mkaugeuza, hakuna aliyejiuliza kwa nini kitu cha mwaka huu kimelika kama mpini wa jembe la bibi yake. Mliambiwa Malkia, mkafumba macho.

Sitaki mmfukuze mtu. Sitaki mkutano wala kamati. Nataka jambo moja, na nalidai: kweli isemwe pale pale uchumba ulipotangazwa.

Ninyi wazee wengine: msimkubalie Selina aondoke. Jumapili mpeni kiti cha mbele, yeye na Paskali, ambapo Filipo atamwona akiinua macho.

Kaka Simeoni: siku ile ulisimama kushoto kwa meza, mkono mmoja kwenye kiti, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Simama hapo hapo. Shika kiti hicho hicho. Sema kwa sauti hiyo hiyo kwamba Raheli alikataa tangu mwanzo, na kwamba alikuwa na haki. Toa pete kwenye koti lako, umpe Selina mkononi, watu wote wakiona. Kisha usingoje chakula. Tokeni nyote, mwende nyumbani kwako mchana ule ule, mkayaondoe magogo yale mawili langoni kwa mikono yenu, na msiyaache karibu.

Raheli anajua njia ya kuja Sepuka. Akitaka kuja, aje. Akitaka kubaki, abaki. Muulizeni.

Dorika,
shangazi yake